Safari Huamuliwa Kabla ya Kufungua Kamba: Mhadhara juu ya Usalama wa Boti za Uvuvi za Kukodi

Waheshimiwa manahodha, mabaharia, na ninyi mnaopokea wateja na kuwapangia safari, nawashukuru kwa kuitikia mwaliko. Nimeombwa nizungumzie maandalizi na usalama katika boti za uvuvi za kukodi, nami nitaanza na jambo ambalo halimo katika orodha yoyote ya vifaa, nalo ni fedha. Mvuvi anayevua kwa riziki yake akiona bahari imechafuka hugeuza chombo, na hasara ya siku hiyo ni yake. Nahodha wa boti ya kukodi amesimama gatini mbele ya watu waliolipa wiki kadhaa zilizopita, walioomba likizo kwa ajili ya siku hiyo moja, ambao hawaijui bahari na wanamtazama yeye usoni. Saa ile si saa ya kuamua. Uamuzi wa kutokwenda, au wa kurudi mapema, unapaswa uwe umekwisha kufanywa nchi kavu na kwa maandishi, kabla samaki na fedha hazijapata nafasi ya kuingilia kati.

Kwa vitendo, jambo hili ni dogo kuliko linavyosikika. Kila boti iwe na mipaka yake iliyoandikwa: kasi ya upepo, kimo cha mawimbi, na umbali wa kuona, ambavyo vikizidi haiondoki. Mipaka hiyo ionekane katika karatasi ya makubaliano, pamoja na sentensi isemayo kwamba nahodha akiahirisha safari mteja hurudishiwa malipo yake au hupewa siku nyingine. Ninasisitiza sentensi hiyo ya mwisho, kwa sababu mwenye boti anayemlipa nahodha kwa safari zilizokamilika tu, halafu akamwambia awe mwangalifu, amempa amri mbili zinazopingana, na sote tunajua ipi itatiiwa.

Tarehe 1 Septemba 1951, boti ya uvuvi ya abiria iliyoitwa Pelican ilipinduka karibu na ncha ya Montauk, katika jimbo la New York, Marekani. Ilikuwa imebeba watu 64, na 45 kati yao walikufa. Hali ya hewa ilibadilika, injini moja ikaharibika wakati wa kurudi, na chombo kilichojaa kupita kiasi kikawa kinatambaa katika mawimbi. Kila moja ya sababu hizo peke yake huenda ingevumilika; zilipokutana, hazikuacha nafasi. Sheria ya Marekani iliyofuata, ya mwaka 1956, ililazimisha boti ndogo zinazochukua abiria zaidi ya sita wa kulipa kukaguliwa na serikali. Mnaona kwamba idadi ya watu, ambayo ni kitu rahisi kuliko vyote kuhesabu, ilihitaji msiba ndipo iandikiwe sheria.

Idadi si suala la viti tu. Tuchukue boti yenye abiria kumi, kila mmoja akiwa na kilo 80. Samaki mkubwa akinasa upande wa kulia, wote kumi hukimbilia kulia kumtazama, na kilo 800 zimehama kwa sekunde tano. Sasa ongezeni maji sitahani. Maji yaliyonaswa sitahani hayatulii mahali pamoja kama shehena iliyofungwa. Boti ikiinama nayo hukimbilia upande uleule na kuiinamisha zaidi. Ndiyo maana ninawaomba mabaharia wayatazame matundu ya kutolea maji kila baada ya muda mfupi, kwa kuwa katika boti ya uvuvi adui wa matundu hayo si mwamba wala tufani, bali ni mfuko wa plastiki wa chambo uliotupwa sitahani na kusukumwa na maji hadi ukaziba. Abiria nao waambiwe kabla ya kuondoka kwamba samaki akinasa, anayevuta ni mmoja, anayesaidia ni baharia, na waliobaki wanakaa walipo. Wakiambiwa wakati kelele zimekwisha kuanza, hakuna atakayesikia.

Mahali pengine panapostahili kutajwa ni mlangoni mwa bandari au mtoni, penye fungu la mchanga chini ya maji. Maji yanapokupwa, mkondo unaotoka hukutana na mawimbi yanayoingia, na mawimbi hayo hufupika, husimama wima, kisha hupasuka hasa pale ambapo kina ni kidogo. Nahodha anaweza kuwa ameondoka alfajiri kukiwa shwari akarudi mchana akakuta mlango umefungwa. Tarehe 14 Juni 2003, boti ya kukodi iitwayo Taki-Tooo ilipinduka ikivuka fungu la namna hiyo, Tillamook Bay, katika jimbo la Oregon. Ilikuwa inatoka kwenda kuvua, na boti nyingine zilikuwa zimekwisha kupita. Kati ya watu 19 waliokuwamo, 11 walikufa, naye nahodha akiwa miongoni mwao. Majaketi ya kuokolea maisha yalikuwamo botini, lakini hayakuwa yamevaliwa wakati wa kuvuka.

Kwa hiyo nimeleta jaketi moja, hili hapa mezani, la aina inayojijaza lenyewe likigusa maji. Lilikuwa limetundikwa vizuri katika boti inayofanya kazi, na kwa macho halina kasoro. Tazameni ninachokifanya: ninafungua zipu, ninashika chupa hii ndogo ya gesi, ninaizungusha kwa vidole viwili, nayo inageuka bila shida. Ililegezwa na mtikisiko wa injini, na chupa iliyolegea huenda isitobolewe ipasavyo, wala gesi isifike ndani ya jaketi. Kuikaza ni kazi ya nusu dakika. Chupa hupimwa pia kwa mizani, kwa sababu uzito wake umechongwa juu yake, na ikipungua maana yake gesi imevuja. Kidonge kinachoyeyuka majini na kufyatua sindano nacho kina tarehe ya mwisho. Mkanda unaopita katikati ya mapaja, ambao watu wengi huuacha ukining'inia kwa kuona aibu, ndio unaozuia jaketi lisipande usoni na kumwacha mtu akizama ndani yake. Tena, jaketi la aina hii lisivaliwe na mtu aliyejifungia chumbani mwa boti: maji yakiingia litajaa na kumbana darini, asiweze kupiga mbizi kufika mlangoni.

Katika maji ya baridi, dakika ya kwanza ndiyo huua wengi, kwa kuwa mwili hushtuka na mtu huvuta pumzi bila hiari, kichwa kikiwa chini ya maji. Jaketi lililomo kabatini halimsaidii katika dakika hiyo.

Kuhusu mafuta nitasema machache. Theluthi moja ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi isiyoguswa. Kwa injini za ndani zinazotumia petroli, kumbukeni kwamba mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti, na kukaa humo. Feni ya kuutoa iwashwe angalau dakika nne kabla ya kuwasha injini. Nimewahi kumsikia nahodha akijisifu kwamba pua yake inatosha. Pua huzoea harufu, feni haizoei.

Kuna kosa moja la kisheria ambalo nalikuta hata kwa manahodha wa siku nyingi. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Vyombo Kugongana Baharini za mwaka 1972 hukipa chombo kinachovua haki ya kupishwa na baadhi ya vyombo vingine, lakini hukihesabu kuwa kinavua pale tu zana zake zinapokizuia kugeuka kwa urahisi, na huondoa waziwazi chombo kinachokokota mishipi nyuma yake. Boti yenu ikikokota chambo bandia, mbele ya sheria ni boti ya injini kama nyingine, na wajibu wa kutazama mbele haupungui kwa kuwa kila mtu amegeukia tezi, yaani nyuma ya boti, kumtazama samaki.

Sasa niulize: nahodha akianguka ghafla, nani atazungumza redioni? Boti nyingi za kukodi zina nahodha mmoja na msaidizi mmoja, na huenda msaidizi huyo ameshika kamba yenye samaki. Basi kabla ya kuondoka achaguliwe abiria mmoja, aonyeshwe namna ya kuzima injini na kushika redio ya VHF katika chaneli 16, aseme «Mayday», neno la kuomba msaada wa dharura, mara tatu, jina la boti mara tatu, mahali walipo, kilichotokea, na idadi ya watu. Karatasi yenye maneno hayo ibandikwe kando ya redio, na jina la boti liwe limeandikwa tayari. Kifaa cha kutuma ishara ya dharura kwa setilaiti kiwe cha megahezi 406, kwa kuwa tangu Februari 2009 setilaiti hazisikilizi tena vile vya megahezi 121.5, na kisajiliwe, ili ishara ikifika waokoaji wajue wanatafuta chombo gani na wampigie nani simu. Mtu huyo wa kupigiwa simu, aliyeko nchi kavu, awe na orodha ya majina na saa ya kurudi, na ajue ni saa ngapi aanze kuuliza.

Nimemaliza sehemu yangu. Niliwaomba kila mmoja aje na jaketi moja kutoka botini mwake, nami ninaona mengi chini ya viti. Mstari wa mbele waanze: leteni hapa mezani, mizani ipo, na tuanze kwa kuzungusha chupa.