Muhogo wa Kingo Mbili za Ruvuma

Wazee wangu, akina mama, maafisa wenzangu wa kilimo na afya, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie sera ya chakula na lishe, na namna tunavyoweza kuijenga pamoja na majirani zetu wa Msumbiji. Naomba nianze na ungo huu wa unga wa muhogo mnaouona hapa mezani.

Mwaka 1981, mkoani Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, ukame ulikausha mashamba, watu wakabakiwa na muhogo mchungu. Watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walikakamaa miguu, na miguu hiyo haikupona. Wenyeji waliuita ugonjwa huo mantakassa. Wataalamu wanauita konzo. Miaka ishirini baadaye konzo ukazuka hapa hapa Mtwara. Mimi miaka hiyo ishirini inaniuma. Alichojifunza mama wa Nampula kwa machozi, mama wa kwetu alipaswa kukisikia kabla mwanawe hajaanguka.

Muhogo mchungu tunaupanda kwa sababu za msingi: unastahimili ukame, na wanyama waharibifu hawaupendi sana. Sumu yake, sianidi, hutoka ukiupa muda. Vipande vyake, yaani makopa, vikikaa juani siku nyingi, hatari hupungua. Njaa ndiyo hukata muda huo: asubuhi unachimbwa, unamenywa, unatwangwa, unaanikwa kidogo, jioni ni ugali. Na ukame wenyewe huongeza sumu ndani ya mzizi.

Sasa tazameni ungo. Unga huu nimeulowanisha mpaka ukawa kama tope zito, nikautandaza, unene usizidi sentimita moja. Utakaa saa mbili juani, au saa tano kivulini, sumu iondoke na hewa. Kisha unasongwa leo leo, haulali. Njia hii ilibuniwa Australia, ikajaribiwa vijijini Msumbiji na hapa kwetu. Haitaki mashine wala dawa. Lakini ugali huo uliwe na kunde, mbaazi au dagaa, maana konzo huwapata zaidi wanaokula muhogo mtupu. Inasikitisha kwamba mbaazi tunalima wenyewe, tunauza gunia zima, sufuria ya nyumbani inakosa.

Karatasi tunazo. Taasisi yetu ya Chakula na Lishe ipo tangu 1973, na sera ya taifa ilitoka 1992. Wenzetu wa Msumbiji wana sekretarieti yao ya usalama wa chakula na lishe, SETSAN. Sote tumo katika Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, juu ya mto Ruvuma unaotutenganisha, lilifunguliwa 2010. Ninachokidai kiandikwe kwenye sera za nchi zote mbili ni hiki: afisa lishe wa Newala kwetu na mwenzake wa Mueda, ng'ambo ya Ruvuma, wawe na njia rasmi ya kuambiana, mvua zikikatika upande mmoja, kabla wagonjwa hawajaonekana. Hivi sasa taarifa ipande mpaka Dodoma, ivuke kwenda Maputo, ndipo ishuke. Mtumbwi wa makopa haungoji hayo.

Jingine ni lugha. Bango letu ni la Kiswahili, la wenzetu ni la Kireno, na bibi anayesoma kwa masikio anasikia Kimakonde au Kimakua. Ujumbe wa ungo uandaliwe mara moja, kwa lugha hizo, upigwe redioni pande zote mbili.

Naomba vijana wawili wautoe ungo nje, jua limeshakolea. Akina mama, baada ya saa mbili tukutane pale jikoni tuusonge. Kunde zimeshabandikwa.