Naitrasi na Njaa ya Petroli: Pima Mafuta Yakiwa Yanatembea

Mafundi wenzangu, karibuni. Kabla sijasema mengi, pistoni hii ipite mkono kwa mkono. Itazameni kichwani, upande wa valvu ya kutolea moshi. Tundu hilo halikutobolewa kwa drili; aluminiamu imeyeyuka ikateremka hadi kwenye ringi. Sasa shikeni na plagi yake, muisogeze kwenye mwanga. Kwenye ile kauri nyeupe mtaona vinukta vinavyometameta kama punje za chumvi. Hiyo ni pistoni iliyohamia kwenye plagi. Injini ilikuwa yangu, na asubuhi ya siku ile geji ya presha ya mafuta ilisoma vilevile nilivyotaka.

Naitrasi, ile gesi ya mtungi tunayoingiza kwenye injini kuongeza nguvu, yenyewe haiwaki. Kazi yake ni kubeba oksijeni: asilimia 36 ya uzito wake ni oksijeni, wakati hewa tunayovuta ina kama asilimia 23. Ndani ya silinda, joto likipita nyuzi 300 hivi, inavunjika na kuiachia. Oksijeni ikiongezeka, petroli nayo lazima iongezeke papo hapo. Petroli ikipungua, joto linapanda, mchanganyiko unajilipukia wenyewe, na aluminiamu inageuka kuni.

Tupige hesabu kidogo. Kila nguvu farasi 100 za ziada hudai petroli karibu nusu lita kwa dakika. Injini ya farasi 300 ikikanyagwa mpaka mwisho tayari inakunywa kama lita moja na nusu. Jumla lita 2 kila dakika, na mara nyingi zote zinapita kwenye pampu moja na chujio moja.

Mimi nilipima presha injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma tu bila kukanyagwa. Hapo ndipo nilipokosea, na ndilo jambo lililonileta mbele yenu leo. Funga mabomba yote ya nyumba, presha ipo tele. Fungua matatu kwa pamoja ndipo utajua maji yapo au hayapo. Kabureta yangu ilionyesha paundi 6 kwa inchi ya mraba gari likiwa limesimama. Ikidaiwa mafuta kwelikweli, ilianguka hadi 4. Mtu atasema paundi 2 si kitu. Mafuta yanayopita kwenye jeti, kile kitundu kinachopima mafuta, hufuata kipeuo cha pili cha presha, yaani kushuka kutoka 6 hadi 4 kunapunguza petroli kwa asilimia 18 hivi. Naitrasi, yenye mtungi wake na presha yake, haikupungua hata kidogo.

Kwa hiyo geji iwekwe karibu kabisa na solenoidi ya mafuta, ile valvu inayofunguliwa kwa umeme, isiwe kule kwenye pampu. Kisha funga mtungi wa naitrasi, toa gesi iliyobaki kwenye paipu, zima injini na uiache ipoe. Chomoa paipu ya petroli kwenye nozeli, jeti ikiwa mahali pake, ielekeze kwenye chombo chenye vipimo. Kizima moto kiwe mkononi mwa mtu, kisiwe ukutani. Washa pampu, fungua solenoidi kwa sekunde 30. Kwa farasi 100 tarajia karibu robo lita, na jicho lako lisitoke kwenye geji.

Jaribio hilo halitoshi, maana ile lita moja na nusu ya injini haikuwemo. Weka kifaa cha kurekodi presha, nenda kwenye uwanja wa mashindano, kanyaga mpaka mwisho bila naitrasi. Presha ikishuka hapo, mtungi usifunguliwe kabisa.

Ikishuka, wengi hukimbilia kununua pampu kubwa. Mimi naanza na umeme. Pima volti kwenye vichwa vya pampu yenyewe ikiwa kazini, usipime kwenye betri. Kwangu betri ilikuwa na volti 13.8, pampu ikipata 11.2. Boliti ya waya wa ethi ilikuwa imekazwa juu ya rangi ya bodi! Nilikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, nikaongeza unene wa waya, na presha ikasimama.

Chujio na wembamba wa paipu mnavijua. Kipumulio cha tangi husahaulika: kikiziba, pampu inavuta dhidi ya ombwe na presha inashuka taratibu. Kama inaanguka wakati wa kuondoka tu, tazama tangi. Petroli inakimbilia nyuma na mdomo wa pampu unabaki mkavu.

Wakati mwingine petroli haina kosa. Mitungi mingi hutegeshwa kati ya paundi 900 na 1000. Ukiuacha juani presha inapanda, naitrasi inaingia nyingi, na mafuta yaleyale yanaonekana machache.

Nimeulizwa huku mbele kuhusu sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Itumieni, ila kumbukeni inasoma oksijeni tu. Silinda ikimisi kwa kuzidiwa petroli, hewa isiyoungua inatoka nayo, na sensa inakuambia mafuta ni machache. Ukiongeza jeti hapo unazidisha tatizo. Kwa hiyo anza na jeti za nguvu ndogo kuliko zote kwenye seti yako, fungua naitrasi kwa muda mfupi, zima injini palepale, chomoa plagi zote uzipange kwa namba za silinda. Ukiona punje kama hizi mlizoshika, hata kwenye plagi moja tu, usiwashe tena siku hiyo.