Mchanga Wenye Vichaka Si Ardhi Tupu

Ndugu zangu, nimelisema jambo hili mara nyingi hapa Mwanza, na leo nalirudia: ardhi ya mchanga yenye vichaka vilivyotawanyika si ardhi tupu, na anayevifyeka kwa madai ya kusafisha ufukwe haachi usafi nyuma yake.

Niruhusuni niwapeleke Brazili, kwenye tambarare za mchanga za pwani ya Atlantiki ziitwazo restinga. Mchanga wa huko hauna rutuba wala haushiki maji, na jua huubabua mche unaoota peupe. Lakini bromelia, mmea wa jamii ya nanasi, hupanga majani yake mithili ya kikombe na kukinga mvua. Humo, penye maji na majani yaliyooza, mbegu ya mti uitwao klusia huota. Mche hushusha mizizi mchangani, na ukishakuwa mti hutandaza kivuli ambacho chini yake miche ya aina nyingine hupata pa kuanzia maisha. Kwa mbali mtaona visiwa vya kijani juu ya mchanga mweupe. Pigeni magoti chini ya kimoja, mtakuta kitalu kizima ambacho hakuna aliyekipanda. Hifadhi ya Taifa ya Restinga de Jurubatiba, iliyoanzishwa mwaka 1998 katika jimbo la Rio de Janeiro, inalinda uoto wa namna hiyo.

Mtaniambia kwamba tukate tu, kwani kila msimu wa mvua tunapanda miti. Miche hiyo italelewa na nani? Nimeiona ufukweni mwetu, imepandwa kwa mstari mahali palipofyekwa, majani yamekunjamana kama karatasi kabla mvua hazijaisha, kwa sababu mlezi wake, yaani kichaka, alikwisha kuchomwa moto.

Mtasema pia kwamba Brazili ni baharini, nasi tuko ziwani. Ni kweli, na mimea yetu ni mingine. Hata hivyo, mchanga usioshikwa na mizizi huchukuliwa na maji popote ulipo, nasi tuliona mwaka 2020 jinsi Ziwa Victoria lilivyopanda na kuingia majumbani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa ziwa. Ipo, isimamiwe.

Kuhusu mafunjo na uchimbaji wa mchanga, muda hautoshi. Ninaomba tu kwamba kabla ya panga kuinuliwa kwenye fukwe zetu za Luchelele au Igombe, mtu mmoja ainame kwanza chini ya kichaka na kuhesabu kilichoota humo.