Vichwa vya Treni Vilivyookolewa na Kibarua

Habari za jioni, mabibi na mabwana. Nashukuru kwa kualikwa, na nawashukuru zaidi ninyi mliokubali kuja kusikiliza habari za vyuma vya Uingereza siku ambayo kuna mpira kwenye televisheni.

Nianze na hesabu. Kati ya mwaka 1962 na 1965 Waingereza waliunda vichwa vya treni vya dizeli 117 vya klasi ya 17. Wenyewe huviita Clayton, kwa jina la kampuni iliyovibuni. Leo kimebaki kimoja tu, namba D8568. Sasa chukueni A4, ndugu zake Mallard, kile kichwa cha mvuke kilichoweka rekodi ya dunia mwaka 1938 kwa kufikia maili 126 kwa saa. Hivyo viliundwa 35, na sita vipo hadi leo. Mtu atasema hapo hakuna ajabu: kizuri hutunzwa, kibovu hutupwa. Haya, tukubali. Lakini hicho Clayton kimoja, kibovu miongoni mwa vibovu, kilinusurika vipi? Nimezifuatilia habari za vichwa hivi vilivyobaki peke yao kwa muda mrefu, na jibu ninalolipata karibu kila mara ni lile lile. Sifa haikuviokoa. Viliokolewa na kibarua.

Turudi nyuma kidogo. Reli za Uingereza zilitaifishwa tarehe 1 Januari 1948, na shirika jipya, British Railways, likarithi vichwa vya mvuke zaidi ya 20,000. Mwaka 1955 likatangaza mpango wa kuzifanya reli kuwa za kisasa kwa pauni milioni 1,240, na mvuke ukawa umeandikiwa kuondoka. Hatua ya kwanza ilikuwa ya busara kabisa: agizeni vichwa 174 vya dizeli kutoka kwa watengenezaji mbalimbali, viendesheni, vipimeni, kisha mchague vinavyofaa. Busara hiyo haikudumu. Shirika lilikuwa linapata hasara, mizigo na abiria wanahamia barabarani, wakubwa wakaona hakuna nafasi ya kusubiri. Wakaanza kuagiza kwa wingi kabla majaribio hayajatoa majibu. Naona mnacheka. Wanaojua mambo ya manunuzi ya umma hawahitaji kuchorewa picha.

Matunda ya haraka hiyo yalikuwa klasi lukuki zisizoingiliana spea. Nitawaeleza mbili tatu.

Ipo klasi ya 28, vichwa 20 vilivyoundwa na Metropolitan-Vickers mwaka 1958 na 1959. Ukikitazama kwa chini unashangaa: bogi, yaani fremu inayobeba magurudumu, ya upande mmoja ina ekseli tatu, ya upande wa pili ina mbili. Injini yake ya Crossley, ya mipigo miwili na nguvu za farasi 1,200, ilikuwa nzito mno, na uzito ule ulilazimika kugawanywa namna hiyo. Viliwekwa viwili viwili kuvuta treni ya mizigo ya usiku iliyoitwa Condor, kati ya London na Glasgow. Kwenye makaratasi mambo yalikuwa mazuri. Njiani injini zilifoka moshi na kuharibika, na vioo vya mbele, vile vilivyopinda kuzunguka kona za kibanda cha dereva, vikawa vinachomoka treni ikiwa mwendoni. Hebu jiweke kwenye kiti cha dereva, usiku, kaskazini mwa Uingereza, kioo kimekwenda. Mwaka 1961 vilirudishwa kwa aliyeviunda vikarekebishwe. Havikukawia baada ya hapo; ilipofika mwisho wa miaka ya sitini vyote vilikuwa vimeondolewa kwenye huduma.

Isipokuwa D5705. Idara ya utafiti ya reli, kule Derby, ilihitaji kichwa cha kuvuta treni yake ya kupima namna magurudumu yanavyoshika reli. Haikuhitaji kichwa kizuri, ilihitaji kilichopo. Kazi ya utafiti ilipokwisha, wakakumbuka kwamba ndani yake kuna boila ndogo. Wakati ule mabehewa ya abiria yalipashwa joto kwa mvuke kutoka kwenye kichwa, hivyo dizeli nyingi zilibeba boila kwa kazi hiyo tu. D5705 kikaegeshwa kwenye yadi kikawa birika la kupashia mabehewa asubuhi za baridi, kabla treni hazijaondoka. Miaka ikapita hivyo. Mpaka wapenzi wa reli walipokuja kugundua kwamba klasi nzima imeyeyuka tanuruni, birika lilikuwa bado lipo.

Jirani yake kwenye reli ya urithi, yaani ya kutunza treni za zamani, ya East Lancashire, pale Bury, ni D8233, kilichobaki peke yake kati ya 44 vya klasi ya 15. Nacho kiliponea kwenye kazi hiyo hiyo ya kupasha mabehewa joto. Ndugu zao wa klasi ya 16 na ya 21 hawakupata wa kuwapa hata kazi ya kuchemsha maji. Hakuna kilichobaki.

Na Clayton? Tatizo lake linaumiza zaidi kwa sababu wazo lilikuwa zuri. Kibanda cha dereva kiliwekwa katikati, boneti mbili ndefu zenye kimo cha chini mbele na nyuma, dereva aone pande zote bila kuhangaika kugeuza kichwa. Chini ya kila boneti kuna injini ya Paxman ya nguvu za farasi 450. Injini mbili ndogo badala ya moja kubwa: moja ikifa, unarudi nyumbani na ya pili. Bahati mbaya viliagizwa vyote kutoka kwenye michoro, hakuna hata kimoja kilichojaribiwa kwanza, na Paxman zile zikawa zinasumbua huku na huku. Kufikia mwisho wa 1971 vyote 117 vilikuwa vimeondolewa. D8568 kikanunuliwa na kiwanda cha matofali cha Hemelite, Hemel Hempstead, baadaye kikahamia kiwanda cha saruji cha Ribblesdale, Clitheroe. Kule hakikutakiwa kukimbia wala kuvuta treni ndefu. Kusukuma mabehewa ya saruji taratibu kilikuweza. Leo kipo kwenye reli ya Chinnor, na mimi nakipenda. Kila mtu na ugonjwa wake.

Msidhani jambo hili ni la dizeli peke yake. Kampuni ya Beyer, Peacock ya Gorton, Manchester, iliunda sehemu kubwa ya vichwa 85 vidogo vya mvuke vilivyosanifiwa na Joseph Beattie kwa ajili ya treni za abiria za viunga vya London. Tangi lao la maji halikuwa ubavuni, lilikuwa chini, katikati ya fremu. Umri wao ulipokwisha vikatupwa, ila vitatu. Kule Cornwall kulikuwa na tawi la reli la kwenda Wenfordbridge, la kubebea udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri, lenye kona kali ambazo kichwa kikubwa hakikuweza kuzipita. Vitatu vile, vya mwaka 1874 na 1875, vikapelekwa huko na vikasahaulika kazini mpaka 1962. Karibu miaka tisini tangu viundwe! Viwili bado vipo, na kimoja wapo kiko Bodmin, si mbali na tawi lile lile.

Vipo pia vilivyookolewa na uvivu, kama nitaruhusiwa kuuita hivyo. Dai Woodham alikuwa na yadi ya chuma chakavu Barry, kusini mwa Wales. Alinunua vichwa vya mvuke kwa mamia, lakini kukata mabehewa ya mizigo kulikuwa rahisi na kuliingiza fedha haraka, basi vichwa vikaachwa foleni kwenye upepo wa chumvi. Foleni ile ilidumu zaidi ya miaka ishirini. Kati ya 1968 na 1990 vilitolewa humo vichwa 213 kwenda kutunzwa.

Kimoja kati yao ni Duke of Gloucester, namba 71000, na hapa naomba mnivumilie, nitakaa kidogo.

Tarehe 8 Oktoba 1952 treni tatu ziligongana kwenye stesheni ya Harrow and Wealdstone, watu 112 wakafariki. Miongoni mwa vyuma vilivyoharibika kabisa kilikuwamo kichwa cha treni za kasi, Princess Anne. Pengo lile likampa mhandisi mkuu Robert Riddles ruhusa ya kuunda kichwa kipya cha kasi. Kimoja tu. Kilitoka karakana ya Crewe mwaka 1954, silinda tatu, na vali za mfumo wa Caprotti, zinazofunguliwa na kamu zinazozunguka, kama kwenye injini ya gari. Kilitakiwa kuwa baba wa ukoo. Badala yake wafanyakazi wakakilalamikia: kinakula makaa ya mawe na mvuke hakitoi. Mwaka 1962 kikastaafishwa. Ikasemwa kitahifadhiwa, halafu wakabadili nia, wakaona kinachofaa kuhifadhiwa ni silinda na vali zake. Silinda ikang'olewa, ikapasuliwa ili watu waone ndani, ikapelekwa Makumbusho ya Sayansi, London. Mzoga uliobaki ukaenda Barry.

Mwaka 1974 kikundi cha wapenzi wa reli kikaununua. Fikirieni uwendawazimu huo: kichwa pekee cha aina yake duniani, hakuna cha kuazima spea, na kilichokifanya kiwe cha pekee kimekatwa. Walitengenezesha silinda mpya na mfumo mzima wa vali. Katika kupima kila kipande dhidi ya michoro ya zamani, wakakuta jambo. Milango ya kuingiza hewa chini ya tanuru, kwenye sinia la majivu, ilikuwa midogo kuliko inavyotakiwa. Na bomba la moshi lilikuwa dogo kwa kichwa cha ukubwa ule. Moto ulikuwa haupati pumzi, chini wala juu! Miaka minane wachochea moto walilaumiwa, na wabunifu walilaumiwa, kumbe karakana na michoro haikukubaliana. Wakarekebisha hewa, wakaweka mfumo bora wa kutolea moshi, na kilipoanza kukimbia tena mwaka 1986 kikawa kichwa kingine kabisa. Ninapoulizwa kuhifadhi vyuma kuna faida gani kwa mhandisi, huwa nataja hiki kwanza. Kosa lile lisingejulikana kwa kusoma mafaili.

Vilivyopotea navyo vina hadithi. Garratt, mnaijua: boila moja imening'inia katikati ya injini mbili, mwili unapinda kwenye kona. Uingereza ilikuwa nazo. Ile kubwa ya klasi ya U1, ya mwaka 1925, ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko kichwa chochote cha mvuke nchini humo. Ikakatwa baada ya kustaafishwa 1955. Nyingine 33 za LMS, kampuni ya reli ya kabla ya utaifishaji, zikamalizika kufikia 1958. Zote hizo ziliundwa pale pale Gorton na hakuna hata moja kati yake iliyobaki, kwa sababu Garratt za ukubwa huo hazirithiki na kiwanda cha saruji: ni kubwa mno kwa kibarua.

Mtu wa Manchester anayetaka kuona Garratt kubwa ya kwao inabidi aangalie ile iliyorudishwa kutoka Afrika Kusini na kuwekwa kwenye makumbusho ya mji wake. Au apande ndege aje Nairobi. Kwenye makumbusho ya reli zipo mbili za klasi ya 59, kati ya 34 ambazo Gorton iliziundia East African Railways mwaka 1955 na 1956, tani zipatazo 252 kila moja, kwa ajili ya njia ya Mombasa na Nairobi. Namba 5918 ni Mount Gelai, 5930 ni Mount Shengena. Milima yote miwili iko Tanzania, mmoja karibu na Ziwa Natron, mwingine Upare. U1, mfalme wa Uingereza, isingeifikia hata moja kwa uzito, nazo zilitembea kwenye reli ya upana wa mita moja.

Siku hizi kuna wanaorudisha vilivyokufa. Tornado, kichwa cha A1 kilichokamilika Darlington mwaka 2008, kiliundwa upya kuanzia msumari wa kwanza kwa sababu ndugu zake 49 walikwisha wote. Boila ikatoka Meiningen, Ujerumani. Huyo simpingi. Kinachonipa shida ni kituo cha kutunza treni cha Didcot, Uingereza, walikochukua Maindy Hall, kichwa halisi kilichotoka Barry, wakakigeuza kuwa Lady of Legend cha klasi ya Saint, ambayo ilitoweka mwaka 1953. Wanasema klasi ya Hall ilitokana na Saint, hivyo wamekirudisha kwa babu yake, na Hall nyingine zipo za kutosha. Hoja ina mashiko na kazi ni safi sana. Bado kuna kichwa kimoja halisi ambacho hakipo tena.

Dakika zangu zinaisha, na sijagusa fedha. Kwa ufupi: boila ya mvuke kwa kawaida hufumuliwa na kukaguliwa upya kila baada ya miaka kumi, na gharama yake huweza kukiweka kichwa bandani kwa miaka mingi. Makaa nayo yamekuwa tabu; mgodi wa Ffos-y-frân wa Wales, uliokuwa ukizihudumia reli nyingi za urithi, ulifungwa 2023. D5705 hakidai makaa, ila Crossley haina duka la spea popote, kila kipande kinachokosekana kinatengenezwa upya kwa mkono na wajitoleaji wanaofanya kazi mwisho wa wiki, wengi wao wastaafu. Kama kuna mwanafunzi wa ufundi mitambo humu anayetafuta mada ya mradi, mipigo miwili ya Crossley ni mada, na mimi nitakusaidia. Sasa karibuni maswali. Naona mama pale amenyoosha mkono tangu nilipotaja birika.