Mlimau wa Kwenye Ndoo: Tuanze na Sisimizi

Ndugu wapanda miti wa barazani, karibuni. Hapa mezani kuna mlimau uliopandwa kwenye ndoo ya lita 20, na kabla ya yote naomba mtazame shina lake. Sisimizi wanapanda na kushuka kwa mstari. Wengi wakiona hivyo hudhani sisimizi ndio wanaoumaliza mti. Hapana, hawa wamefuata utamu. Huko juu kuna wadudu wanaofyonza utomvu na kutoa majimaji ya sukari. Sisimizi huyanywa, na ili chakula chao kisipotee huwafukuza wadudu rafiki ambao wangewala wale wafyonzaji. Majimaji yakidondokea majani ya chini huota ukungu mweusi kama masizi. Msihangaike na dawa ya ukungu. Waondoeni wafyonzaji, kisha futeni majani kwa kitambaa kibichi.

Kazi ya kwanza ni kukata njia. Punguza matawi yote yanayogusa ukuta au kamba ya nguo, maana daraja moja likibaki umefanya kazi bure. Zungushia shina utepe wa plastiki wenye upana wa vidole 3, uubane usiache mwanya, kisha paka grisi juu ya utepe. Usiipake kwenye gome lenyewe, italidhuru. Wapo wanaoisimamisha ndoo ndani ya beseni la maji. Hilo halisaidii ikiwa kiota kimo ndani ya udongo wa ndoo, na maji yaliyotuama yanazaa mbu.

Sasa tugeuze jani, kwa sababu wengi wa wale wafyonzaji hukaa chini yake. Hawa weusi waliojazana kwenye chipukizi ni vidukari. Jike huzaa bila kupandwa, na kwenye joto watoto wake huanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Ndiyo maana ukipuliza mara moja ukaacha, wiki ijayo wamerudi. Kwangua gramu 10 za sabuni ya mche, yeyusha katika lita 1 ya maji ya uvuguvugu, chuja, acha ipoe. Puliza jioni, jua likishapungua, mpaka upande wa chini wa majani udondoke maji. Sabuni huua kwa kumgusa mdudu ikiwa bado mbichi. Ikikauka imekwisha nguvu. Asubuhi suuza kwa maji safi. Rudia baada ya siku 5 hadi 7, jumla mara 3. Sabuni ya unga msiiguse kabisa kwa kazi hii: ina viungo vya kung'arisha nguo vinavyounguza majani. Na usipulize mti wenye udongo mkavu, mwagilia kwanza. Vilevile jaribu dawa kwenye majani mawili, ungoje siku nzima.

Vidugamba ni wagumu zaidi. Ni vile vipele vya kahawia vilivyoganda kwenye matawi na kando ya mshipa wa jani. Anayefyonza yumo chini ya gamba la nta, na maji ya sabuni huteleza juu yake. Chukua mswaki mkuukuu uliochovywa kwenye maji ya sabuni, uvikwangue vipele hivyo taratibu. Kisha ongeza mililita 10 za mafuta ya alizeti kwenye lita 1 ya ile sabuni na utikise mpaka igeuke nyeupe kama maziwa. Mafuta huziba matundu ya kupumulia. Endelea kutikisa wakati wa kupuliza. Ukiacha, mafuta yanapanda juu, na tawi litakalopata mwisho wa chupa litaungua. Mtambue pia kwamba wapo vidugamba wenye gamba gumu ambao hawatoi sukari. Kwa hao hamtaona sisimizi wala masizi, kwa hiyo kagueni matawi hata kama shina ni safi.

Utitiri huja kiangazi, hasa kwenye miti iliyo chini ya paa isiyofikiwa na mvua. Majani hupauka kwa vidoa vidogo vidogo. Shika karatasi nyeupe, gonga tawi juu yake: nukta zinazotembea ndizo hizo. Utitiri una miguu 8, si mdudu, na dawa nyingi za wadudu huua maadui zake ukabaki unaneemeka. Maji ya bomba yenye nguvu, yakielekezwa chini ya majani kila baada ya siku 2 au 3, yanatosha kwa mti mdogo.

Viwavi viokoteni kwa mkono. Wadogo hufanana na kinyesi cha ndege, wakubwa ni kijani, na ukiwagusa hutoa pembe mbili za rangi ya machungwa zenye harufu kali, hawadhuru mtu. Lakini wachache tu humaliza majani ya mti wa ndoo kwa siku chache.

Mwisho ni yule anayechora njia za fedha ndani ya majani machanga. Dawa ya kugusa haimfikii kwa kuwa yumo kati ya ngozi mbili za jani. Msiyakate majani hayo, bado yanalisha mti. Punguzeni mbolea ya yurea: ikizidi huleta machipukizi laini mfululizo, na hayo ndiyo anayotagia. Vidukari nao huyapenda. Chipukizi likitoka, likagueni kila baada ya siku 3 hadi majani yakomae.