Dawa ya Minyoo Hairudishi Damu

(Mhadhara kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Dodoma)

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Leo tumshike mnyoo mmoja tu, wa safura, maana huyu ndiye mnywa damu. Anang'ata ukuta wa utumbo mwembamba, anatema kitu kinachozuia damu isigande, kisha anahamia pembeni huku kidonda cha kwanza bado kinavuja.

Tupige hesabu. Mnyoo mmoja wa aina ya Necator humpotezea mtu kama mililita 0.03 za damu kwa siku. Utasema si kitu. Haya, weka minyoo 100 tumboni mwa mama mmoja: mililita 3 kwa siku, 90 kwa mwezi. Hedhi ikizidi mililita 80 tunaiita nzito. Kwa hiyo mama huyu ana hedhi nzito ya pili kila mwezi, asiyoiona kwa macho. Aina ya Ancylostoma hunyonya mara tano ya hapo, hata zaidi. Na kila mililita huondoka na karibu miligramu 0.5 za madini ya chuma, ilhali mwili hufyonza miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku kutoka kwenye chakula. Ugali wa mtama au uwele peke yake hauwezi kuziba pengo hilo.

Ndiyo maana kumpa mtu dawa ya minyoo, albendazole miligramu 400, na kumwambia aende zake ni kazi nusu. Minyoo wamekufa, ghala la chuma bado tupu. Mwanamke mwenye wekundu wa damu (hemoglobini) chini ya gramu 12 kwa desilita, au chini ya 11 akiwa mjamzito, apewe vidonge vya chuma, na aendelee miezi 3 hata baada ya damu kurudi sawa. Asivimeze na chai. Maji ya ubuyu, ubuyu wenyewe usichemshwe, yanafaa zaidi. Choo kitakuwa cheusi: mwambieni mapema, la sivyo ataogopa na kuviacha. Mjamzito asipewe dawa ya minyoo katika miezi 3 ya kwanza.

Jua letu kali linatusaidia, hukausha viluwiluwi, yaani watoto wa mnyoo walioko udongoni. Lakini kwenye majaruba ya Bahi, bustani za kumwagilia na vivuli vya nyuma ya nyumba wakati wa mvua, yai lililotoka na kinyesi huanguliwa ndani ya siku 1 au 2, na ndani ya siku 5 hadi 10 kiluwiluwi anaweza kupenya ngozi ya mguu. Basi mkimkuta mkulima anajikuna katikati ya vidole vya miguu na viganja vimempauka, muulizeni watu wanajisaidia wapi karibu na shamba lake, na yeye huvaa nini anapolima.