Kama hukumwambia, usimdai

Sasa nyinyi mwanijua, hili nimelisema Majengo, nimelisema Likoni, na leo hapa Kisauni nalisema tena manake bado twaumizana bure. Kama wataka kitu kwa mtu na hukumwambia, yule hana deni lako. Hana!

Chukueni harusi, magomvi yetu mengi si yaanzia huko? Kuna mama mmoja, jirani yake alipoozesha binti yeye ndo alosimamia masufuria ya pilau, kaingia jikoni alfajiri, kaosha vyombo mpaka usiku, na doti ya leso akatunza. Zamu yake ikafika. Jirani akaja na buibui lake zuri, kaketi na wageni, kala, kaondoka. Basi, toka siku ile mahamri yakipelekwa yarudishwa, watoto wamekatazwa kucheza pamoja, na stetasi za mafumbo WhatsApp kila asubuhi. Nikamuuliza, mamangu, ulimwambia aje akusaidie? Ati "nimwambie nini, si yuaona mwenyewe, mwenye macho haambiwi tazama." Haya, nikaenda kwa jirani. Yule aliona mwenzake kakodi wapishi, akaogopa akiingia jikoni ataonekana yuaingilia kazi za watu, kwa hivyo kukaa kwake ilikuwa ni kumstahi!

Na msinambie ni mambo ya wanawake. Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mtafiti Elizabeth Newton aliwapa watu kazi ya kugonga meza kwa mdundo wa nyimbo zinazojulikana sana, mwenzake asikize abahatishe ni wimbo gani. Wagongaji walikisia nusu zitajulikana. Zikagongwa nyimbo 120, zikatambuliwa 3. Tatu! Manake mgongaji wimbo mzima wamlia kichwani, mwenzake asikia ko ko ko. Sasa wewe ukinuna ukabamiza mlango wa kabati waona umesema kila kitu, mumeo kasikia kabati.

Kuna dada hapo nyuma atasema, nikiomba ndo nifanyiwe basi hayo si mapenzi. Kwani uliyemuomba hakuweza kukataa? Aliweza, na akafanya. Mwaogopa kuambiwa la, semeni kweli, kwa sababu ukinyamaza wabaki na haki ya kulaumu, na hiyo lawama twaipenda kuliko msaada wenyewe.

Na kuna mambo mengine ni ya kuacha kabisa. Ulipika kwa kumpenda jirani, basi yaliisha siku ile. Kama ulikuwa mkopo ungemwambia kabla hajaugusa ule wali.

Nilitaka niongee vizuri kuhusu watoto walioko Uarabuni, twahesabu mishahara yao tukiwa huku, twamuona mbaya asipotuma, na hakuna aliyemuuliza kama amelipwa mwezi huu. Lakini wakati wa swala umeingia. Maswali ni baadaye, na akina baba msiondoke, yenu sijayafikia.